Tunaitafuta India kwenye kare-kare, kumbe imo kwenye chupa ya siki

Tangu Ufilipino ilipowafutia viza watalii wa India mwezi Juni 2025, kwa safari zisizozidi siku 14, na tangu ndege za moja kwa moja kati ya Delhi na Manila zianze kuruka Oktoba ya mwaka huohuo, kuna hadithi moja ya chakula iliyopata uhai mpya. Husimuliwa kila panapotakiwa kuonyesha kwamba mataifa haya mawili ni ndugu wa siku nyingi. Hadithi yenyewe ni fupi na tamu. Mwaka 1762 Waingereza waliiteka Manila, wakaja na askari wa Kihindi kutoka Madras. Baadhi ya askari hao wakabaki, wakakosa viungo vya kwao, wakapika kari kwa walichokikuta, na hapo ikazaliwa kare-kare, ule mchuzi mzito wa karanga na mkia wa ng'ombe ambao Wafilipino huupika siku za sherehe. Undugu umethibitishwa, na mpishi wa hoteli anayetaka kuchanganya mapishi ya pande mbili anaanzia hapohapo.

Nadhani hadithi hiyo inatuingiza jikoni kwa mlango usio wake. Sisemi ni uongo mtupu. Ina ukweli wake na nitaueleza. Ila urithi wa India katika chungu cha Kifilipino ni mpana kuliko kare-kare, umewatangulia askari wale kwa karne nyingi, na sehemu yake kubwa haikuletwa na Mhindi yeyote. Umekaa kwenye vitu vya kila siku ambavyo hakuna anayejisumbua kuvitungia hadithi: siki, achari, choroko, majani ya mlonge, mkate wa mchele. Mpishi anayeupuuza urithi huo wa kimya, akakimbilia ule wenye tarehe na mizinga, atatuletea chakula cha kupigwa picha tu.

Tuwape askari haki yao kwanza. Kikosi kilichoondoka Madras chini ya William Draper na Admeri Samuel Cornish kilikuwa na mamia ya sepoi, yaani askari wa Kihindi waliotumikia Waingereza, na Manila iliporudishwa kwa Wahispania mwaka 1764 si wote waliopanda meli kurudi kwao. Wapo waliotoroka jeshi, wakaoa, wakalima, hasa katika mji wa Cainta ulio mashariki ya Manila, ambako mpaka leo kuna watu wanaotajwa kuwa wa uzao huo. Jina la chakula nalo linasaidia: kari ni neno la Kitamil, na Madras ni kwa Watamil. Ukiweka watu, mahali na neno pamoja, unapata kesi ambayo hakimu asiye na haraka angekubali kuisikiliza.

Hakimu huyohuyo akionja mchuzi, ataanza kukuna kichwa. Kare-kare haina manjano, haina giligilani, haina bizari nyembamba, wala pilipili. Rangi yake ni ya zingifuri, zile mbegu nyekundu za kupaka. Uzito wake unatokana na karanga na mchele uliokaangwa mkavu ukasagwa. Ndani mna mkia na matumbo ya ng'ombe, ua la mgomba, biringani na kunde za maganda marefu. Chumvi yenyewe haimo chunguni: inakuja pembeni kwenye kibakuli cha bagoong, uduvi waliovundikwa, na kila mlaji anajichotea kiasi chake. Mpika kari wa Kitamil angeita hiki mchuzi ambao mwenyewe ameondoka kabla haujaisha. Karanga na zingifuri zote ni mimea ya Amerika. Ziliifikia Manila kwa merikebu za Wahispania, zile zilizokwenda na kurudi Acapulco toka 1565 hadi 1815. Kwa hiyo yule sepoi wa hadithi alitupa kila kiungo kilichoifanya kari kuwa kari, akapika kwa vitu vya Mexico, akaacha jina tu.

Hata jina si lazima litoke kwake. Kari lilikwisha kuwa neno la Kimalei, na Kimalei kilikuwa lugha ya biashara katika visiwa vile kabla Mzungu hajaviona. Magellan alipofika mwaka 1521, mtumwa wake Enrique ndiye aliyeweza kusema na wakubwa wa pale, kwa Kimalei. Manila yenyewe ilikuwa na udugu wa damu na watawala wa Brunei. Halafu kuna ule urudufishaji, yaani neno kutajwa mara mbili. Wapo wanaousoma kama alama ya mfano, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hilo: kitu cha majimaji si maji, na mtu mwenye mambo ya Kizungukizungu si Mzungu. Kama usomaji huo ni sahihi, chakula chenyewe kimejitaja kuwa ni cha kufanana na kari, na tumekuwa tukikisingizia. Watu wa Pampanga, wanaojiona ndio wapishi wakuu wa taifa lile, husema kare-kare ni yao na hawahitaji askari wa mtu. Siwezi kuwaamulia.

Ninachoweza kukikataa moja kwa moja ni hoja ya kufanana, ile inayosema mchuzi mzito wa rangi ya machungwa wenye jina la kari lazima uwe mtoto wa kari. Chukua Mganda, mpe sahani ya kare-kare bila kumtajia jina. Atakuambia hizi ni binyebwa, mchuzi wa karanga wa kwao, ila aliyezipika katia mkia wa ng'ombe. Je, tuseme Waganda walipiga kambi Cainta? Karanga zilitoka Amerika Kusini, Wareno wakazileta Afrika, Wahispania wakazipeleka Ufilipino, na popote zilipofika pakiwa na sufuria na nyama ngumu, mchuzi wa karanga ulizuka wenyewe. Ndugu wawili wanaweza kufanana pua kwa sababu ya baba mmoja. Wapita njia wawili wanaweza pia kufanana mashati kwa sababu walinunua duka moja.

Sasa twende kwenye chupa. Hakuna kitu Wafilipino hukitetea kama uchachu. Adobo ni nyama iliyopikwa kwa siki, kitunguu saumu na pilipili manga. Paksiw ni samaki wa siki. Kinilaw ni samaki mbichi anayeivishwa na siki bila moto. Jina adobo ni la Kihispania, lakini upishi wenyewe Wahispania waliukuta. Kamusi ya Kitagalog, lugha ya Manila, iliyochapwa mwaka 1613 inaitaja adobo ya wenyeji, kana kwamba mwandishi alishangaa kuwaona na yao. Siki hiyo kwa Kitagalog ni suka. Suka ni cuka ya Kimalei, na cuka chimbuko lake ni Kisanskriti. Pembeni ya nyama choma au samaki wa kukaanga huwekwa atsara, papai bichi lililokunwa na kulazwa kwenye siki na sukari, pamoja na karoti na tangawizi. Atsara ni achari ileile, neno lililozunguka kutoka Uajemi na India mpaka kwetu Mombasa na Unguja. Yaani kile ambacho Mfilipino huona ni chake kuliko vyote, na ambacho mgeni haoni dalili ya India ndani yake, ndicho kinachobeba India kwenye jina lake kila siku.

Na si chakula peke yake. Kwa Kitagalog mwalimu ni guro, uso ni mukha, tumaini ni asa, mzimu mwema wa msituni ni diwata. Yote ni maneno ya Kisanskriti yaliyopita Umalei. Mwaka 1989 kilipatikana huko Laguna kibamba cha shaba kilichochorwa maandishi, na tarehe yake inaangukia mwaka 900 wa kalenda hii tunayoitumia. Lugha yake ni Kimalei cha kale kilichojaa maneno ya Kisanskriti. Ni hati ya kufuta deni. Naomba msomaji aikumbuke hiyo, maana madeni yatarudi mbele.

Kuna pingamizi la haki hapa, na ni zito kuliko lile la kufanana. Neno husafiri bila kitu chake. Sisi tulichukua meza kwa Wareno, na hakuna anayedhani kabla yao Waswahili walikosa pa kutua sahani. Vivyo hivyo, watu wa visiwa wenye minazi hawakumhitaji Mhindi awafundishe kwamba tembo likilala siku kadhaa linachacha na kuwa siki. Mgema yeyote aliyesahau kibuyu chake juu ya mnazi angegundua. Nakubali. Na ndiyo maana nakwepa kusema India iliwafundisha Wafilipino kupika. Ninachokiona ni bahari moja iliyokuwa na lugha ya soko, Srivijaya na baadaye Melaka zikiwa vituo vyake, ambamo majina, mbegu na mbinu vilikuwa vikibadilishana mikono kwa miaka elfu, na Kimalei kikiwa ndicho chombo. Mtamil alifika Melaka, Mtagalog alifika Melaka au alikutana na Mbrunei aliyefika. Hawakulazimika kuonana.

Niliyaelewa haya kwa chungu cha choroko. Miaka kadhaa iliyopita niliishi Ruwi, pale Muscat, katika nyumba ya kupanga ambayo jiko lake tuligawana wanawake watatu: muuguzi wa kutoka Iloilo kule Ufilipino, mhasibu wa kutoka Thrissur kule Kerala, kusini ya India, na mimi. Muuguzi alimwita mhasibu Chechi, mhasibu akamwita muuguzi Ate, na maneno yote mawili maana yake ni dada mkubwa, kwa hiyo hatukupata kujua nani mkubwa kwa nani. Ijumaa Ate alipika choroko. Kwao ni ada iliyobaki na mifungo ya Kikatoliki ya kuacha nyama, ingawa alikuwa akimalizia kwa ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikawa kama bisi, na mfungo wote ukawa umevunjwa. Alianza kwa kukaanga kitunguu saumu mpaka kikawa rangi ya kahawia, akatia kitunguu maji, nyanya, kisha choroko zilizochemshwa zikapondeka, na mwisho kabisa konzi mbili za majani ya mlonge, ule ambao wengine huita mzunze. Yeye aliuita malunggay. Chechi alikuwa nyuma yake akisubiri jiko, akachungulia, akasema hiki ni chetu, majani haya ni muringa. Siku ya zamu yake akapika kitu kilekile kwa njia ya nyuma: choroko zilichemka kwanza na manjano, majani yakafuata, nazi iliyosagwa ikafuata, na mwishoni ndipo alipochemsha mafuta ya nazi pembeni kwenye kikaango kidogo, akarusha mbegu za haradali zikaanza kuruka kama mvua ya mawe, akatupia majani ya kari, akamwagia vyote juu ya chungu na kufunika upesi mvuke usitoke. Mimi nilikula kwa wote wawili na kuona kwamba kwa lugha yangu walichokuwa wakifanya kina jina moja. Walikuwa wanaunga. Mmoja anaunga mwanzo, mwingine anaunga mwisho.

Muringa ya Kimalayalam na malunggay ya Kitagalog ni neno moja, na mti wenyewe asili yake ni kaskazini ya India, chini ya Himalaya. Choroko nazo zilianza kulimwa India. Jina lake la Kihindi, mung, ndilo munggo ya Wafilipino. Kwa hiyo chungu cha Ijumaa cha mama wa Iloilo, ambacho hakimo kwenye hotuba yoyote ya kidiplomasia, ni cha Kihindi kwa mbegu, kwa jani na kwa majina yote mawili. Tofauti na kare-kare, hapa vitu vimesafiri pamoja na maneno yake, na mapishi ya pande mbili yameviweka tena chungu kimoja. Kama mtu anatafuta ushahidi, ndio huu. Tatizo lake ni kwamba ni chakula cha maskini. Hakina askari, hakina mwaka, na hakipendezi kwenye sahani nyeupe.

Njia haikuwa ya upande mmoja pia, na hili ndilo linalowakera wanaopenda India iwe mwalimu wa kila mtu. Kila Desemba, katika zile alfajiri tisa za misa kabla ya Krismasi, kuanzia tarehe 16, nje ya makanisa ya Ufilipino huuzwa puto bumbong: unga wa mchele wa zambarau unaopikwa kwa mvuke ndani ya vibomba vya mianzi, ukagongwa kutoka, ukapakwa siagi, ukanyunyiziwa nazi ya kukuna na sukari guru. Kule Kerala kifungua kinywa ni puttu, unga wa mchele na nazi unaopikwa kwa mvuke ndani ya kibomba, ambacho kwa asili kilikuwa cha mwanzi kabla bati na chuma havijachukua nafasi. Jina lilelile, mbinu ileile. Nani kamfundisha nani? Kuhusu idli, mkate mdogo wa mchele wa kusini ya India na ndugu wa puto ya kawaida ya kuchachishwa, mwanahistoria wa chakula wa India, K. T. Achaya, alidhani kwamba ufundi wa kuchacha na kupika kwa mvuke ulitoka upande wa Indonesia ukaja India, kati ya karne ya tisa na ya kumi na mbili. Wapo wanaompinga. Lakini msomi wa Kihindi mwenyewe aliona hakuna aibu kufikiri kwamba chakula kinachotambulisha kusini mwa nchi yake kilifundishwa na watu wa visiwani, na sisi tungefaa kuiga ujasiri huo.

Bibingka nayo inanigusa kwa sababu nyingine. Ni mkate wa mchele na nazi unaomiminwa kwenye chombo kilichotandikwa jani la mgomba, ukapata makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Goa wana bebinca yao ya matabaka, nayo huivishwa kwa moto wa juu, tabaka moja baada ya jingine. Majina yanafanana mno na wataalamu hawajakubaliana ni nani alimwazima mwenzake. Mtu wa Unguja akisoma maelezo hayo anaona mkate wa kumimina, mpaka kwenye yale makaa ya juu ambayo bibi alikuwa akitukataza kuyapuliza tusije tukaangusha majivu. Siwezi kudai kwamba mkate wetu unatoka huko. Nakumbuka tu kwamba watu wa visiwa vya kusini mashariki ya Asia walifika Madagaska na Ngazija wakiwa na minazi yao, na kwamba minazi ya huko hadi leo ina damu ya pande mbili, ya Pasifiki na ya bahari ya Hindi.

Halafu kuna jirani wa tatu anayesahauliwa, Mreno na Mhispania na yote waliyoyabeba kutoka Mexico. Vindaloo ya Goa, ambayo huko Uingereza imefanywa shindano la wanywaji la kula pilipili, ilianza kuwa nyama ya Kireno ya divai na kitunguu saumu. Goa haikuwa na divai ya kutosha, ikatumia siki ya tembo la mnazi. Adobo ni siki ya tembo la mnazi na kitunguu saumu chini ya jina la Kihispania. Weka sahani mbili hizo mezani, utaona jambo ambalo kare-kare haiwezi kulionyesha: watu wawili wasiofahamiana walipewa bwana wa aina moja, wakamjibu kwa mnazi uleule. Pilipili zenyewe zilizoifanya vindaloo kuwaka na zile zinazowaka kwenye vyakula vya Bicol, eneo la Ufilipino, zote ni za Amerika. Kitagalog kimekiri: sili, kamatis na atsuete ni maneno ya Nahuatl, lugha ya Waazteki. Kwa hiyo anayesema ladha hizi mbili zinaungana kwa asili yao ya Kiasia anapaswa kumkaribisha Mmexico mezani. Na Mwafrika pia. Uchachu wa sinigang, mchuzi wa Wafilipino, na wa rasam, mchuzi wa Watamil, unatoka kwa ukwaju, ambao Waarabu waliuita tende ya India na wanasayansi wakaubandika jina la indica, ilhali mti wenyewe kwao ni Afrika. Sisi tunautia kwenye urojo na hatujadai chochote.

Upande wa pili kuna wanaosema haya yote ni kutafuta nywele kwenye yai. Hoja yao: chakula cha Kifilipino hakina viungo, cha Kihindi kimejaa viungo, basi hakuna undugu, na kuvichanganya ni kulazimisha ndoa. Hii naiona ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, kwa sababu inazifanya nchi mbili kubwa kuwa mikahawa miwili ya mjini. Nenda Mindanao. Wamaranao husaga palapa, kiungo cha vitunguu vya majani, tangawizi na pilipili, na kukitia karibu kwenye kila kitu. Watausug wa Sulu wana kulma, na sina haja ya kumwambia msomaji aliyewahi kula kurma jina hilo linatoka wapi. Bicol hupika majani ya magimbi kwa tui na pilipili mpaka tui linakatika na kutoa mafuta. Hao wote ni Wafilipino, ila si wa Manila. Kwa upande wa India, nenda Manipur, ambako ngari, samaki waliovundikwa, hutiwa kwenye mboga kwa kazi ileile ya bagoong. Anayesema India ni garam masala amekula kaskazini mwa nchi hiyo, tena kwenye hoteli.

Tukikubaliana hapo, kazi ya mpishi inabadilika. Kumwaga masala kwenye adobo ni rahisi na ni kosa, maana masala inaua uchachu, na adobo bila uchachu ni nyama ya rangi ya kahawia. Kesho ukisikia mgahawa unajaza sisig, nyama ya nguruwe ya Kifilipino iliyokatwakatwa, ndani ya sambusa, kula kama una njaa, lakini huo ni ufungaji wa vifurushi. Mchanganyiko unashika pale ambapo majiko mawili tayari yanasema lugha moja: tui, siki ya mnazi, choroko, karela, fenesi bichi, majani ya magimbi, mchele uliochachishwa. Fenesi bichi la tui la Kifilipino likimwagiwa haradali na majani ya kari mwishoni halihitaji maelezo kwenye menyu. Vindaloo ikilazwa kwenye siki ya Kifilipino itarudi karibu zaidi na ilikotoka kuliko ile ya London. Atsara ya papai ikiungwa kwa mafuta yenye uwatu na haradali inakuwa achari kamili bila kupoteza utamu wake. Hayo tuliyajaribu Ruwi bila kuyaita chochote, kwa sababu mafuta ya zeituni yalikuwa ghali na mshahara ulikuwa bado. Naamini majiko ya Muscat, Doha na Dubai, ambako Mfilipino na Mmalayali wa Kerala wanagawana gesi na friji, yamefanya kazi hii kwa miaka mingi kabla wapishi wenye kofia ndefu hawajaanza kuitangaza.

Kuna la watu pia. Ufilipino ina Wahindi walio hai, na jina lao la mtaani ni Bumbay, kutokana na Bombay. Kitunguu kikubwa cha sokoni nacho ni sibuyas Bombay. Picha inayokuja kichwani mwa wengi ni Mpunjabi mwenye kilemba juu ya pikipiki, anayekopesha wachuuzi kwa mtindo wa tano-sita: unachukua tano, unalipa sita, kidogokidogo kila siku. Watoto wakorofi walitishwa kwamba Bumbay atawatia kwenye gunia. Sitetei riba ile. Lakini nchi ambayo maandishi yake ya kale kuliko yote yanayojulikana ni hati ya deni iliyojaa Kisanskriti ingeweza kumtazama mkopeshaji huyo kwa kicheko cha aina nyingine. Hadithi ya sepoi inapendwa kwa sababu sepoi amekufa. Hadai mtu, hanuki vitunguu kwenye basi, na binti yake hataki kuolewa na kijana wako. Maelfu ya vijana wa India wanaosomea udaktari Davao na Manila wako hai, wanapika kwenye vyumba vya kupanga, wananunua malunggay sokoni, na kwa hakika wanajua urithi huu kuliko mtu aliyeusoma kwenye kipeperushi cha utalii.

Na hao watalii wa siku 14 ndio watakaoiumbua kare-kare. Chakula kilichochaguliwa kuwa ushahidi wa undugu ni mkia wa ng'ombe na matumbo, kikisindikizwa na uduvi. Mkristo wa Kerala atakila kwa furaha. Jirani yake aliyekaa naye kwenye ndege hiyohiyo kutoka Delhi, Mhindu asiyegusa nyama, atauliza kama kuna mboga, ataletewa pinakbet, bamia na karela na maboga yanayong'aa, ataonja kijiko kimoja na kukutana na bagoong. Mhudumu atashangaa, kwa sababu kwake hiyo ni mboga. Kama ni siku ya Ijumaa, aombe munggo na malunggay. Amwambie mpishi mapema asitie samaki wa moshi, wala ngozi ya nguruwe juu, na aletewe atsara pembeni.